Boksi la Vifungo Kwenda Rubavu

Kwa miaka sita nimekuwa nikiandika "Rubavu" kwenye karatasi za mizigo ghalani kwetu Dar es Salaam, bila kujua mji huo wa Rwanda unafananaje. Likizo hii nikasema potelea mbali, naenda kuona mizigo yangu huwa inaishia wapi.

Rusumo, mpakani, tulikuta foleni ndefu ya malori, madereva wamejilaza chini ya matela. Sisi wa basi tulivuka upesi, nikajiona mjanja.

Kigali nilibadilisha gari, na saa tisa alasiri nikaliona Ziwa Kivu. Pikipiki ilinishusha mtaa wa Nengo, Rubavu, kwa Mama Zaituni, fundi cherehani ambaye jina lake nimeliandika mara nyingi kuliko la mama mkwe wangu. Alinipa chai ya maziwa. Mashati ya shule yalipangwa hadi dirishani: kitambaa cha India, uzi wa Kenya. Hayakuwa na vifungo, wala matundu ya vifungo.

"Mbona hujatoboa matundu, mama?"

"Mi siwezi kata tundu mbele ya kuona kifungo. Ikikuwa kubwa, shati imekufa. Vifungo inatoka China, iko kwenu Dar. Na samedi, kesho kutwa, mama wa Goma anakuja kuchukua. Lundi, Jumatatu, masomo inaanza."

Nilitoka nje nikapiga simu ofisini. Boksi lilikuwa kwetu, na hata kwa basi lisingefika kabla ya Jumamosi. Kwa utaratibu wetu, boksi dogo hungoja lori lijae, na aliyesaini lingoje ni mimi. Niliona aibu sana. Nikarudi ndani nikamwambia.

"Aa, donc, kumbe ni we," alisema. Akaniongezea chai.

Jumamosi asubuhi yule mama wa Goma alivuka mpaka wa Congo kwa Grande Barrière. Aliyageuza mashati, hakugomba. Aliyachukua hivyo hivyo, fundi wa Goma akayamalizie.

"Na ya muhula unaokuja nitamupa ule fundi wa kwetu," alisema.

Mama Zaituni aliifunika mashine yake kwa kitenge.

Jumapili nikaanza kurudi. Rusumo foleni ilikuwepo bado, ila safari hii sikuona ujanja wowote. Ushuru naujua, njia naijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba huko mwisho kuna mtu ameshika mkasi na hawezi kukata.

Dar nililibeba boksi mwenyewe hadi stendi, likapanda basi. Baada ya siku tatu Mama Zaituni akapiga simu.

"Vifungo imefika, ni mizuri," alisema. "Sasa niko natafuta mashati."