Mama Viazi wa Benchi la Tatu

Faustina alilelewa na benchi la tatu. Ndivyo mwenyewe anavyopenda kusema, na usipocheka atarudia mpaka ucheke. Mama yake alifariki yeye hajaanza shule, na akina mama waliokaa benchi la tatu katika kanisa la Mgololo wakamgawana bila hata kikao: huyu anamsuka, yule anamshonea sare, mwingine anamkaripia akikosea sauti ya pili. Ndio waliomsindikiza siku ya harusi. Na miaka mingi baadaye, mumewe alipozikwa, ndio waliolala naye chini msibani.

Kwa hiyo mwanawe, Samwel, alipomhamishia kwake Uyole, kando ya barabara kuu, ili asizeeke peke yake, Faustina alilia njia nzima.

"Umenitoa kwa watu, unanileta kwenye malori," alimwambia.

Kanisa lilikuwa la Kilutheri vilevile, nyimbo zilezile, lakini ukimsalimia mtu "Kamwene" kama Mgololo anakutazama tu. Kila Jumapili alikaa nyuma karibu na mlango, akatoka wa kwanza. Mwishowe akampa Samwel sharti: jumuiya, yaani majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, ije kwake mara moja. Akiona bado ni mgeni, anarudi Mgololo, na asibembelezwe.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja wa Kisafwa aitwaye Bertha, alipouliza Jumamosi wasali kwa nani, Faustina akanyoosha mkono. Hakuna aliyemtajia saa, maana kila mtu aliijua. Naye hakuuliza, maana Mgololo jumuiya ni jioni tangu enzi za bibi zake.

Akajipanga. Asubuhi atafagia, mchana atapika makande, jioni atavaa kitenge kipya. Ijumaa Samwel akaleta viazi vya shambani vimelowa mvua, wakavimwaga sebuleni vikauke.

"Kesho tutavitoa," alisema Faustina.

Jumamosi, kabla hakujapambazuka vizuri, akasikia watu wanaimba mlangoni. Yeye yuko na gauni la kulalia, nywele zimesimama, mswaki mdomoni. Akataka kunyamaza wadhani amesafiri. Lakini Samwel, mtoto asiyejua kusoma hali, alishafungua.

Bertha alisimama mlangoni, akaviangalia viazi, akamwangalia mwenye nyumba.

"Bwana Yesu asifiwe, mama. Tumekosea nyumba?"

"Kwetu tunasali jioni," Faustina akajibu na mswaki wake, machozi yakimlengalenga. Moyoni alishaanza kufunga mizigo.

"Basi huku ni asubuhi." Bertha akavua viatu. "Haya akina mama, viazi hivi havitajisogeza."

Wakaingia. Mmoja akashika ufagio, mwingine akaenda kuwasha jiko, mzee mmoja wa jumuiya, Zabron, akakalia gunia na Biblia yake. Mgeni angeambiwa akae apumzike, lakini Faustina walimtuma kama mtoto wa nyumbani: mama lete sufuria, mama chumvi iko wapi. Alifurahi mpaka akasahau nywele. Wimbo ulipoanza akaingia na sauti ya pili, na Bertha akageuka kumtazama.

Makande hayakuwepo. Walikula viazi vya kuchemsha na chai, huku Faustina akiwasimulia habari za benchi lake la Mgololo, nao wakicheka inavyotakiwa.

Jioni Samwel akauliza kwa woga, "Sasa mama, nikakate tiketi?"

"Kwanza tuione kesho."

Kesho yake alielekea kwenye kona yake ya mlangoni kama kawaida. Wale akina mama wa jumuiya walikuwa wamejaa kwenye benchi la tatu, ambalo hawakuwahi kulikalia hata siku moja, wamebakiza nafasi katikati. Bertha akageuka, wala hakujali kwamba mwinjilisti ameshaanza matangazo.

"Kamwene, Mama Viazi. Unakwenda wapi huko?"

Lafudhi ilikuwa mbaya kwelikweli. Faustina akaitikia, akapita katikati ya kanisa machozi yakimtoka waziwazi, akajibana kati yao na kuwasukuma kidogo kwa nyonga ili akae vizuri, kama alivyozoea kwao.