Chumvi ya Jumapili Ile

Juzi, kwenye duka la dawa hapa Umoja, muuzaji alinipa vidonge vya presha akaniambia, "Usiache hata ukijisikia poa." Nikamkumbuka Baba, kule Huruma, nikiwa bado mtoto, alasiri ile aliporudi kutoka kanisani alikotoa ushuhuda wa uponyaji. Vidonge vyake vya presha alikuwa ameshaviacha.

"Mama Atieno, leo tia chumvi," alimwambia Mama akicheka. "Mimi nimepona."

Chumba kilijaa harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani. Nilifurahi mno, maana kwangu mimi Baba kupona kulimaanisha chumvi aliyokatazwa na daktari kurudi kwenye chakula chetu. Baada ya matonge machache aliegemea kiti, jasho likimtiririka, mkono kifuani.

Nilidhani ameshiba. Nikavuta sahani yake, nikaimaliza huku nikilamba vidole, naye anakata roho.