Volvo Iliyouzwa Mama Akiwa Edani

Harufu yake ilikuwa ya viti vilivyoungua jua, petroli, na mafuta ya nazi ya wanawake waliowahi kulazwa humo. Volvo yetu ilikuwa nyeupe, ndefu, mgongo mraba kama kabati. Waswidi waliiunda kwa ajili ya familia na barabara za theluji. Ndio waliotangulia kuweka mkanda unaopita begani na kiunoni, ambao leo umo katika kila gari. Baba aliinunua kwa Mswidi wa Diani aliyekuwa akirudi kwao, akamfundisha mama kuiendesha. Kiti cha nyuma kikilazwa, godoro lilienea. Basi wajawazito wa kijiji chetu, nje ya Msambweni, wakawa wanamjia mama, maana walipenda kupelekwa hospitali na mwanamke mwenzao. "Jikaze, mwanangu, usinizalie Kiswidi," alikuwa akiwaambia, nao wakicheka katikati ya uchungu.

Nilikuwa darasa la tano baba alipofariki. Mama akakaa eda. Kwa asiyejua, mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, wala hatoki bila dharura. Ni siku za stara, na jamaa za mume hutarajiwa kumlinda yeye na mali yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuja na kanzu safi. Ami Salimu, mdogo wake baba, alitungua ufunguo msumarini asubuhi moja.

"Naipeleka kwa fundi, shemeji."

"Haina ubovu, Salimu."

"Gari likikaa huharibika. Wewe tulia na eda yako."

Mama alisimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo, asilifungue. Jioni ami alirudi bila gari, gunia la mchele begani. Mama hakuupika.

Kabla eda haijaisha, jirani yetu Mwanakombo alijifungulia njiani, juu ya mkokoteni. Mtoto hakulia. Watu wakasema ni kudra. Sina ugomvi na kudra. Nina ugomvi na ami, na hasira hiyo sijaimaliza.

Siku hizi wajawazito wetu hupakiwa bodaboda, wamebanwa kati ya dereva na shangazi. Volvo niliiona majuzi katika bustani ya hoteli moja Diani, paa limekatwa. Nilinyoosha mkono.

"Usiguse, dada," mlinzi akasema. "Hilo ni pambo."

Nilimsimulia mama, ambaye sasa ni mzee. Aliuliza neno moja tu.

"Kiti cha nyuma bado kinalala?"

"Kinalala, mama. Wamepanda maua juu yake."