Majembe Yaliyolia Vizuri

Shangazi yangu Raheli alichagua majembe kwa sikio. Alipitisha kidole kwenye tundu la mpini, akaliacha jembe lining'inie, kisha akaligonga ubapani kwa bolti kuukuu. Likilia, aliliweka kulia. Likitoa sauti ya kukwaruza kama chungu chenye ufa, aliliweka kushoto, na la kushoto halikuuzwa hata kwa mtu aliyepiga magoti.

Mtindo huo aliuanza kwenye duka la ushirika la Bungu, alikokuwa mtunza ghala tangu mwaka sabini na nne. Majembe yalitengenezwa kiwandani Dar es Salaam na kupandishwa mlimani kwa lori, meusi, mazito, yakinuka oili. Si yote yaliyokuwa mazima. Katika kila fungu yalikuwamo mawili matatu yenye ufa mwembamba usioonekana kwa macho, na mwanamke aliyepata jembe la namna hiyo aligundua akiwa ameshafika shambani, kwenye mteremko, saa nzima kutoka dukani. Shangazi mwenyewe alilima kwenye mteremko. Akaanza kugonga. Meneja wa duka alimwambia anapoteza muda, yeye akamjibu kwamba muda ni wake na meneja aendelee na chai.

"Likikukatalia shambani," aliwaambia wanunuzi, "nirudishie mimi. Usiende kunisemea kwa padri wala kwa mchungaji."

Kwa miaka kumi na saba hakurudishiwa hata moja. Watu wakazoea kusema "jembe la Raheli," utadhani alilifua yeye. Kwetu lilikuwepo moja ambalo mama alililimia mpaka likabaki dogo kama upawa, na bado hakutaka kulitupa.

Duka la ushirika lilipofungwa, shangazi alipanga kibanda sokoni, ubavuni mwa Paskali muuza mitumba. Ndiyo miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu vilivyokuwa vikitafutwa kwa foleni sasa vilipangwa chini kwenye maturubai: sabuni za rangi nne, chupa za chai zenye maua, betri, viatu vya plastiki. Shangazi alivifurahia kama mtu mwingine yeyote. Alinunua chupa ya chai ya maua mekundu siku ya kwanza alipoiona, na aliyetaka kumsikia akiisema vibaya biashara huria alisubiri sana.

Mwezi wa tisa mwaka tisini na nne alishuka Magoma kwa Hamisi, aliyekuwa akimuuzia majembe kwa jumla. Nilikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, nikafuatana naye.

"Ya Dar yako wapi?" aliuliza baada ya salamu.

"Ya Dar usiyaulize, mama. Kiwanda kinasuasua, watu wamepunguzwa. Siku hizi jembe linavuka bahari. Haya hapa."

Yalikuwa mekundu, yanang'aa, na kila moja lilibandikwa karatasi yenye picha ya ndege.

"Ndege gani huyu?"

"Kuku."

"Kuku mwenye shingo hii?"

"Kuku wa huko kwao. Sasa mama, umekuja kununua jembe au kuku?"

Shangazi alicheka, akatoa bolti yake mfukoni. Akagonga la kwanza. Jembe likalia, sauti nyembamba, ndefu, safi. Alilisogeza sikioni akalisikiliza mpaka likanyamaza lenyewe. Akagonga la pili, la tatu. Aligonga thelathini, na yote thelathini yakaenda kulia.

"Hata kengele yetu ya kanisani hailii hivi," alisema. "Hamisi, hawa watu wanajua kazi."

Njia nzima ya kurudi alikuwa na furaha. Miaka yote ya kugonga, alikuwa hajawahi kukutana na fungu lisilo na hata moja la kushoto.

Juma hilohilo kumi na mawili yalichukuliwa na Josephina. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake cha ngemo, yaani kulimiana: leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika. Safari hii walikuwa wanachimba matuta ya ngazi kwenye shamba la Josephina, ambalo limesimama kama ukuta. Ilibidi ngazi ziishe kabla ya mvua za vuli. Udongo uliotifuliwa kwenye mteremko ule ukikutwa na mvua kabla ya ngazi kukamilika, unateremka wote bondeni, na shamba linabaki mawe. Josephina alikuwa Mkatoliki, shangazi Mlutheri, na utani wao ulikuwa wa tangu utoto.

"Yanalia?" Josephina aliuliza.

"Yanaimba. Mtalima kwa noti, kama kwaya."

Siku ya gulio iliyofuata, Josephina alikuja sokoni na tenga kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake watano wa kikundi, wote na vumbi la mashambani miguuni. Aliwasalimia watu kwa Kishambaa, "Onga mshi," taratibu, bila kumruka mtu. Kisha akalitua tenga mbele ya kibanda cha shangazi na kumimina.

Majembe yalikuwa yamejikunja. Mengine ncha zilikunjamana kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Mawili yalikuwa yamemeguka kipande kwenye kona. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka, na chuma cha chini kilikuwa chembamba kama bati la paa.

"Siku tatu," alisema Josephina. "Nimekuletea wewe, kama ulivyosema. Kwa padri sijafika."

Mmoja wa wale wanawake akadakia, "Tungefika. Ni mbali tu."

Watu walicheka, wakasogea. Shangazi hakucheka. Aliokota jembe moja, akaligonga. Lilikuwa limejikunja, lakini bado lililia vizuri.

Paskali alimwinamia kutoka kwenye mashati yake. "Mama, waambie ukweli. Hukuyatengeneza wewe. Ndivyo yalivyo siku hizi, kila mahali. Mimi shati likichanika nalirudisha Ulaya?"

Lilikuwa jibu zuri, na kila mtu pale angelikubali. Hata Josephina, nadhani, alikuwa amejiandaa kulisikia, maana tayari alikuwa anakung'uta tenga lake. Shangazi hakulichukua jibu hilo. Kisha akanituma kwetu, nikamletee lile jembe la mama lililobaki kama upawa.

Nilipolileta aliliinua kwa kidole mbele ya watu wote akaligonga. Likatoa sauti fupi, nzito, isiyopendeza. Akagonga jipya. Likaimba. Akarudia mara mbili, akalipapasa la zamani kwa kidole gumba, akalipapasa na lile jipya.

"Nilikuwa nasikiliza ufa," alisema. "Miaka yote nasikiliza ufa tu. Chuma chembamba hakina ufa, kinalia kuliko kinene. Kosa ni langu." Akamgeukia Josephina. "Mvua lini?"

"Mungu ndiye ajuaye. Lakini mawingu yameanza kukaa mlimani. Juma moja, ukibahatika."

"Ngazi ngapi zimebaki?"

"Nusu ya shamba."

"Majembe yatapatikana," alisema shangazi, akafunga kibanda saa sita mchana, siku ya gulio, jambo ambalo Paskali alilisimulia kwa miezi kadhaa.

Majembe yenyewe hayakuwepo popote. Kwa Hamisi yalikuwa yaleyale ya ndege. Kwa hiyo shangazi alianza kupita nyumba kwa nyumba kwa wale aliowauzia zamani, akiomba kuazima. Nilikwenda naye, na nilimwonea huruma, maana hakuwa mtu wa kuomba hata chumvi. Kwenye kila mlango alieleza mambo yote tangu mwanzo: kwamba aliuza majembe mabaya, kwamba alijisifu kwamba yanaimba, kwamba sasa shamba la mtu liko wazi. Hakupunguza neno.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Nathanaeli, ambaye hasikii vizuri, ikabidi shangazi aungame kwa kupiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Unataka jembe?" mzee alisema mwishowe. "Si ungesema hivyo tu. Chukua. Ulinipa mwaka wa njaa, na mpini nimebadilisha mara tano."

Palikuwa na waliotoa moja, waliotoa mawili, na mama mmoja aliyekataa kabisa, akasema jembe lake haliendi kulala kwa Wakatoliki. Kesho yake alilileta mwenyewe. Kufikia Jumatano tulikuwa na kumi na tatu, yote mafupi, yameliwa na mawe na tupa, hakuna mawili yanayolingana.

Shangazi aliyapeleka shambani na akabaki kulima. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu na alikuwa amekaa dukani sana. Wanawake walimweka ngazi ya katikati, ambako kila mtu angemwona.

"Raheli, unalima au unalipapasa shamba?"

"Mpeni bolti aligonge kwanza!"

"Niacheni," alijibu, akihema. "Mimi ndiye noti ya chini."

Siku ya pili viganja vilimtoka malengelenge, akavifunga vitambaa akaendelea. Josephina aliyekuwa anapika alimwekea nyama kubwa kuliko wenzake, kisha akakanusha. Walimaliza ngazi ya mwisho Jumatatu mchana. Mvua ilianza Jumanne alfajiri. Asubuhi tulipanda kuangalia: maji yalikuwa yametuama kwenye ngazi, mekundu, yametulia, na ngazi mbili tu za chini zilikuwa zimebomoka pembeni. Josephina alisimama katikati ya ngazi zake akiwa amejifunika kiroba kichwani, akaangalia juu mpaka chini. Alimshika shangazi mkono wenye vitambaa, wakateremka pamoja kwa sababu njia ilikuwa inateleza.

Majembe ya zamani yalirudishwa kila moja kwake, yamenolewa. Yale ya ndege yaliyobaki shangazi aliyauza kama ya bustani, na kila mnunuzi aliambiwa yasipelekwe mlimani. Hakuacha biashara. Watu walihitaji majembe, na ya nje ndiyo yaliyokuwepo, mengine mabaya, mengine ya kuvumilika. Alianza kuyapapasa kwa gumba badala ya kuyagonga, lakini hata gumba hakuliamini tena peke yake. Nyuma ya kibanda alichukua kipande cha ardhi iliyokanyagwa na watu miaka mingi, ngumu kama sakafu. Kila fungu jipya likija, alitia mpini jembe moja na kumkabidhi mnunuzi wa kwanza.

"Lima kwanza," alisema. "Likijikunja, ni langu."

Paskali alilalamikia vumbi kwenye mashati yake. Wanunuzi walilima, wakabishana, wakaangalia ncha, wakalima tena. Nilipokuja likizo iliyofuata, kile kipande kilikuwa kimetifuka mno hata shangazi akaona haya kukiacha kitupu. Nilimkuta amekipanda maharage, na Josephina amesimama kando, anamwambia ameyabananisha.