Saladi ya Kuungwa Karanga

Siku moja kabla ya Krismasi mama alipanga nguo zake kwenye begi, akalisimamisha karibu na mlango wa chumba chake, kisha akarudi kukaa. Alishasema zamani kwamba akimaliza Krismasi anarudi kwake. Kwake ni nyumba ya bati huko ndani, ukipita Magu, na haina mtu. Baba alifariki, na kaka zangu walihamisha ng'ombe kwenda kusini kufuata malisho. Mama aliletwa kwetu Kiseke, Mwanza, baada ya kuteleza kisimani na kuvunjika mguu. Mguu uliunga, ila hauendi bila fimbo. Sikutaka arudi kukaa peke yake na kuchota maji kwenye kisima kilekile. Nililisema hilo mpaka likawa kama redio ya jirani, mtu anaisikia lakini haisikilizi. Nikaacha, nikashughulika na chakula.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafanya kazi benki, kule mjini Nyamagana. Alinipigia simu kunijulisha kwamba siku hizi wali hagusi, pilau hagusi, ugali ndiyo asiuone kabisa. Nimwandalie saladi ya majani na matunda. Mgeni anayekuja na matangazo ya asivyokula ana vituko vyake, lakini wifi ni wifi. Nilisema sawa.

Saladi hiyo niliijulia kwenye semina moja ya kazini, walikotulisha hotelini. Majani mabichi yanachanwa kwa mkono, yanachanganywa na embe na nanasi, parachichi linaingia mwisho lisije likapondeka, halafu unanyunyizia ndimu iliyokorogwa na asali. Kazi yake ni ndogo kuliko sifa zake. Nilinunua mafungu ya majani ya saladi, spinachi changa, nanasi la Geita lililokuwa likinukia kabla hujalishika, na maembe. Mwuza maembe aliyabonyeza moja moja akanipa ya kuliwa kesho, si ya kuliwa leo. Kwa hilo nilimheshimu.

Asubuhi ya Krismasi niliyachana majani yote nikayaloweka kwenye beseni, kwenye maji ya chumvi, ili wadudu watoke. Nikafunika kwa kitambaa. Matunda nikayaacha mazima kwenye sinia, ya kukatwa nikirudi. Pilau na samaki nilishamaliza. Tukaenda kanisani, mimi na mume wangu. Mama alibaki, maana mguu wake na mabenchi ya kanisa havipatani.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu Wasukuma, kwa namna mama alivyolelewa, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Hawakai meza moja, na hata kuongea wanaongea kwa kupitia mtu. Kwa hiyo muda wote aliokaa kwetu mama alikula chumbani kwake, pazia limeshushwa, na nilikuwa nikimpelekea vyakula nilivyojua anavipenda. Meza yetu hakuwahi kuiona ikiwa na chakula. Saladi hakuwahi kuiona popote.

Tuliporudi, harufu ya karanga ilitupokea getini.

Mama alikuwa jikoni, kwenye kigoda, fimbo imelala sakafuni. Beseni lilikuwa tupu, limeoshwa na kufunikwa. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria moja inatokota polepole. Nikafunua. Saladi yangu yote na spinachi yote vilikuwa humo, vimeungwa karanga na maziwa niliyoyaweka ya chai. Beseni zima lilikuwa limegeuka bakuli moja.

"Umekuja," alisema. Alikuwa amefurahi. "Uliacha mboga kwenye maji ya chumvi, nikajua unatoa uchungu. Nikasema huyu kanisani atachelewa, wageni watamkuta na mboga mbichi."

"Mama, hayo majani ni ya kuliwa mabichi."

"Na nani?"

Hakuuliza kwa dhihaka, alitaka kujua. Nikajibu kwamba ni ya wifi yangu. Mama alifikiri kidogo. Kwa mtu aliyeolewa kwa ng'ombe, akalea ng'ombe na kuuguza ng'ombe, majani mabichi yana mwenyewe, na huyo hakai mezani. Nilimwona akilipima hilo dhidi ya heshima ya wakwe zangu, kisha uso wake ukabadilika.

"Nimekuharibia," alisema. "Ndiyo maana nasema mtu mzima akae kwake. Hapa hata mboga siijui."

Akaokota fimbo yake akaenda chumbani. Nilisikia pazia likivutwa. Hasira niliyokuwa nayo kwa ajili ya saladi ilikatika papo hapo, ikabaki hofu. Mama alikuwa amepata sababu aliyokuwa akiitafuta, na nilikuwa nimempa mimi kwa kuloweka majani kwenye beseni.

Wifi alifika akiwa amependeza na akiwa na njaa. Nilikata embe na nanasi nikayaweka peke yake. Niliweka pilau, samaki, na bakuli la mboga, nikamwambia, "Saladi yako hiyo hapo." Aliliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akachota kijiko kimoja cha adabu. Akachota cha pili.

"Wifi," alisema baada ya muda, kwa sauti ya chini, "huna ugali kidogo?"

Nilisonga ugali siku ya Krismasi, nimevaa gauni la kanisani. Niliporudi nao, mume wangu naye alikuwa ameiacha pilau. Wakala kwa mkono mpaka chini ya bakuli pakaonekana. Hapo mume wangu akafuta mdomo, akaniambia mimi, lakini kwa sauti ya kufika chumbani, "Muulize mama kama mboga imebaki."

Pazia la mama lilikuwa hatua chache tu kutoka mezani. Sikuwa na haja ya kuuliza chochote, ila desturi ni desturi. Nikarudia swali.

"Mwambie mkwe imeisha," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Majani yenyewe hayana mwili, yanayeyuka kama sabuni. Ungekuwa mgagani, angekula leo na kesho."

"Muulize mgagani unapatikana wapi."

Mgagani, ile mboga chungu ya kienyeji, unauzwa kila soko la Mwanza, na mume wangu anaupita kila siku anapoenda kazini. Lakini mjumbe hana maoni. Nikauliza.

"Mwambie unapandwa. Mbegu ninazo." Fimbo iligonga sakafu mara moja. "Mwambie pale mbele, anapomwagilia majani yasiyoliwa na mtu wala ng'ombe, panatosha."

Wifi aliinamia sahani yake ili asicheke. Ule ukoka wa mbele ya nyumba mume wangu aliuleta kwa gari, akaupanda kipande kwa kipande, na watoto wa majirani wanajua wakikanyaga watasikia nini. Aliutazama kupitia dirishani. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kutafuta la kusema ili nimwokoe.

"Mwambie asishike jembe na mguu ule," alisema mwishowe. "Kesho asubuhi nitalima mwenyewe."

Nilirudia maneno hayo vizuri, neno kwa neno, na nilikuwa na furaha ambayo sikutaka ionekane mapema.

Wifi alipoondoka niliingia chumbani kuchukua sahani ya mama. Alikuwa kitandani, begi liko mbele yake. Alikuwa anatafuta mbegu. Alikuwa amezifunga kwenye pindo la khanga, na khanga yenyewe ilikuwa chini kabisa, kwa hiyo ilibidi atoe kila kitu: vitenge, sweta, viatu vya kanisani, taulo. Kitanda kizima kilijaa nguo. Alifungua pindo kwa meno, akamimina mbegu kiganjani, nyeusi na ndogo kama vumbi la mkaa, akaanza kupuliza makapi.

Nililishika begi tupu. "Nizirudishe nguo, mama?"

"Weka kabatini," alisema bila kuinua macho. "Humo kwenye begi zinajikunja."