Gari la Chini la Mama Mkwe

Siku nilipoliingiza gari langu Lipangalala, mtaani kwetu hapa Ifakara, majirani walicheka kabla sijazima injini. Lilikuwa gari la vibosile, jeusi, refu, la chini, lililotumika Japani mpaka wenyewe wakalichoka, na madirisha ya nyuma yalikuwa na mapazia meupe ya wavu. Huku kwetu mtu mwenye akili zake hununua pikipiki, au pikapu ya kubebea mpunga.

"Mwalimu," alisema mwenye duka jirani yangu, mtu wa pwani asiyejua kunyamaza, "hilo litakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia."

Nikamwacha aseme. Mimi si mtu wa kueleza mambo yangu barazani, na nikiudhika huwa nakuwa bubu kabisa. Sababu ya lile gari ilikuwa mama mkwe.

Mama wa mke wangu anaishi Malinyi, na wakwe zangu ni wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Daktari wa Ifakara alisema akipasuliwa ataona, asipopasuliwa atabaki gizani. Lakini alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kupimwa alikosea ngazi ya basi, akaanguka stendi mbele ya watu, akaapa kwamba hapandi tena gari lenye ngazi. Heri upofu, alisema, na alimaanisha.

Pikipiki nilikuwa nayo. Ila kwenye pikipiki abiria humshika dereva, na kwa mila ya ukwe mimi na yeye hatushikani, hatuli pamoja, wala hatutazamani usoni. Tangu harusi nilikuwa namjua kwa sauti na kwa miguu. Alichotaka kuniambia alimwambia mke wangu, hata kama nimekaa pale pale nasikia.

Basi nikatafuta gari lisilo na ngazi ya kupanda, lenye kiti cha nyuma kilicho mbali na dereva. Mapazia yalikuwa nyongeza. Waliolitengeneza walikuwa wakiwafikiria wakurugenzi, mimi nilikuwa namfikiria yeye.

Tulisubiri mvua ziishe na barabara ikauke. Fundi akaliinua kidogo kwa kuweka vipande vya raba kwenye springi, nasi tukaondoka, mimi na mke wangu. Ng'ambo ya daraja la mtoni malori ya mpunga yalikuwa yamechimba njia mbili na kuacha tuta katikati. Nikaweka tairi za upande mmoja juu ya tuta, za upande mwingine ukingoni, nikaenda hivyo hivyo huku nikitukana kimoyomoyo. Kila jiwe lililogonga tumbo la gari niliona limenigonga mimi. Mke wangu aliniuliza kama bado napumua.

Tulipofika, mama alikuwa ndani na hakutaka kutoka.

"Mwambie mumeo nimeshukuru," nilimsikia akisema. "Arudi na gari lake."

Mke wangu hakubishana naye. Alimshika mkono, akamleta taratibu mpaka kwenye mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, natazama ng'ombe. Mama alitafuta ngazi kwa mguu, akatafuta tena.

"Ngazi iko wapi?"

"Haina, mama. Kaa tu."

Akapapasa kiti, akakaa. Kisha akaagiza aletewe kikapu chake. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Ifakara.

Kabla ya kuondoka nilikigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, nisije nikamwona mkwe wangu usoni, nikabaki na vya pembeni. Nilipowasha injini, ile sauti ya mwanamke wa Kijapani iliyomo ndani ya gari ikasema maneno yake, kama kawaida. Mama akamgeukia binti yake aliyekaa naye nyuma.

"Mumeo amempakia nani hapo mbele?" mama akauliza.

Mke wangu alicheka mpaka akashindwa kujibu. "Ni gari, mama. Linasalimia."

"Na hamliitikii?" Akajiweka sawa, akaitikia: "Marahaba."

Karibu na Ifakara trafiki alitusimamisha. Aliona mapazia, akaona kiti cha mbele hakina mtu, akaweka kofia yake vizuri. Akaninong'oneza, "Umembeba nani?"

"Mama mkwe."

Aliinama kwenye dirisha la nyuma, akasema shikamoo, akaturuhusu.

Jicho la kwanza lilipasuliwa, na asubuhi iliyofuata bandeji ikatolewa. Sikuwepo chumbani. Nilikuwa nje ndani ya gari, naogopa kuliko nilivyoogopa ile barabara. Mke wangu alikuja akilia na kucheka kwa pamoja. Mama alikuwa ameitazama mikono yake, kisha akamgombeza yeye kwa kukonda.

Baada ya yeye kupumzika nyumbani kwetu siku chache tukamrudisha Malinyi, asubiri zamu ya jicho la pili. Yeye na binti yake walikaa nyuma, kioo nikakigeuzia paani. Tulikuwa tumevuka daraja, naanza kupanda tuta langu, nikasikia:

"Mwambie mumeo akirudishe kioo mahali pake."

"Mama," alisema mke wangu, "na mila?"

"Nimekaa gizani vya kutosha. Mwambie."

Hakukuwa na haja ya kuambiwa, lakini nilisubiri niambiwe. Kisha nikasimamisha gari na kukirudisha kioo. Mama alikuwa amevua miwani myeusi ya hospitali. Alinitazama kwa jicho lake jipya bila haraka, nami nikamtazama, uso ambao miaka yote ile ulikuwa karibu nami na sikuujua. Mke wangu amefanana naye kabisa.

"Una mvi, baba," aliniambia, mimi mwenyewe. "Nilimwoza mwanangu kwa kijana."

Hapakuwa na wa kunipelekea jibu.

"Ni barabara hii, mama," nikamjibu.