Mbuzi wa Miguu Mitano

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisoma habari za michezo ya video. Nilijua ni gemu gani imeahirishwa, ni kampuni gani ng'ambo imefuta watu kazi, na ni trela ipi iliyotuonyesha vitu ambavyo havikuwemo kwenye gemu yenyewe ilipotoka. Mama, niliyebaki naye mtaani Mowlem, Nairobi, baada ya baba kufariki, alidhani natafuta kazi nyingine. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, napokea wagonjwa katika kliniki ya meno kule Umoja, na sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba kinachonitia hasira asubuhi ni mchezo ambao nimeusubiri tangu nikiwa chuoni na ambao kila mwaka wanausogeza mbele.

Walionielewa walikuwa kwenye grupu moja ya simu, watu wengi wa mitaa yetu hii ya Eastlands. Picha yangu pale ilikuwa ya trekta, kwa hiyo waliniita bro, na mimi sikuwasahihisha. Nilikuwa nimeona wanawake wakijitokeza: kwanza waliulizwa kama kweli wanacheza, halafu wakaanza kuombwa picha. Bora trekta.

Kitu kilichonichosha pale ni uvumi. Mtu anaamka, anaandika kwamba gemu fulani inatoka Ijumaa, watu wanashangilia, Ijumaa inafika hakuna kitu, na wiki inayofuata wanamwamini yuleyule. Nikawa mtu wa kuuliza habari imetoka wapi. Wengine walinishukuru. Wengine waliniambia naharibu raha.

Basi jamaa mmoja akaleta picha. Alisema binamu yake anafanya kazi ng'ambo kwa watengenezaji wa gemu, na kwamba wanatengeneza mchezo mzima wa mitaa yetu. Tukaona maghorofa ya Huruma na nguo zimeanikwa kwenye roshani. Tukaona soko la mbuzi la Kiamaiko. Grupu ilichangamka kama harusi. Kuna aliyeandika kwamba amelia, na sidhani alikuwa anatania, maana hata mimi nilizirudia zile picha tena na tena. Maisha yetu yote tulikuwa tumecheza mitaa ya watu wengine.

Halafu nikazikuza zile picha. Mabango ya maduka yalikuwa na herufi zisizo za lugha yoyote. Pale Kiamaiko, mbuzi wa mbele alikuwa na miguu mitano. Nikaandika kwamba zimechorwa na kompyuta, nikazungushia duara ule mguu, nikatuma. Kicheko kilichofuata kilidumu siku nzima, na chote kilimwangukia yule jamaa.

Jioni aliniandikia pembeni, nje ya grupu. "Umenivunjia heshima mbele ya watu. Tutaonana." Nilitaka kupuuza, maana watu hutishana mitandaoni bila maana. Kisha akatuma picha niliyoiweka mimi mwenyewe zamani, ya televisheni yangu na gemu ikiendelea. Nyuma yake lilionekana dirisha, na dirishani msalaba wa kanisa na tangi jeusi la maji. Alikuwa amevizungushia duara, kama nilivyofanya mimi. Chini akaandika: "Mowlem."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Redio miezi hiyo ilikuwa imejaa habari za wanawake waliouawa na wanaume waliojuana nao simuni. Huyu alinidhani mwanamume, na hilo lilinitisha mara mbili: akija kama mwanamume anayemfuata mwanamume mwenzake, atanivunja, na akigundua mimi ni nani, sikujua atafanya nini.

Nilikwenda kituo cha polisi. Afisa aliuliza kama ni mambo ya kubeti. Nilipomweleza kuhusu mbuzi alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia nifunge simu nipumzike. Nilimwonya soja anayelinda geti la ploti yetu asimruhusu mtu yeyote anayeulizia mcheza gemu. Akasema ploti hii haina jamaa kama huyo, nami nikamwacha aamini hivyo. Mama sikumwambia. Nilishona pazia zito, nikaanza kupita njia ya mbali kwenda kazini, na kila mwanamume aliyenitazama kuliko kawaida nilimpa uso wa yule nisiyemjua. Hata kijana anayetuuzia mayai nilimwogopa, na nimemjua tangu akiwa shule ya msingi.

Jumamosi nilitoka kazini mchana. Nje ya geti nilimkuta mama akiongea na mwanamume mrefu aliyevaa gambuti na koti la kazi lenye madoa yaliyokauka. Alinuka mbuzi. Mkononi alikuwa amembebea mama mfuko wa mboga za sukuma na viazi.

Mama alifurahi kuniona. Akanieleza kwamba kijana huyu anamtafuta mwanamume fulani wa gemu, dirisha lake linatazama kanisa, naye amemwambia dirisha hilo ni letu na hapo hakuna mwanamume, ni binti yake tu anayecheza hayo makelele.

Nilitaka kukimbia, lakini mama alikuwa amesimama katikati yetu. Yule mwanamume akanigeukia.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Nilikuja kumpiga mwanamume."

Mama aligeuka polepole. Ni mwanamke mfupi, lakini akinyamaza, watu hujisogeza. "Baba," akamwambia, "umenibebea sukuma kutoka sokoni ili uje kupiga mtu wa nyumba yangu?"

Akaushusha mfuko taratibu, kana kwamba una mayai. Bila kututazama akasema anachinja mbuzi kule Kiamaiko, na kwamba wenzake kazini wameona ile picha. Sasa wanamwita Miguu Mitano, hata wateja. Binamu yupo kweli, lakini tangu siku ile hapokei simu. Sauti yake ilikuwa ya chini. Mimi niliitazama mikono yake tu.

"Mimi mbuzi nawaona kila siku," akasema. "Sikuhesabu miguu kwa sababu nilitaka iwe kweli."

Nikamwambia hata mimi nilitaka. Ilikuwa kweli, ingawa pia nilisema lolote lililokuja mdomoni ili aondoke. Akatikisa kichwa, akamwomba mama msamaha, si mimi, akaenda zake. Nilipoingia ndani nikakaa sakafuni jikoni. Mama alichambua sukuma yote kabla ya kuuliza, na nilipomaliza kumweleza alisema tu kwamba nitoe dirisha letu kwenye simu za watu.

Nilitoa picha zote. Jamaa yule hakuandika tena kwenye grupu kwa wiki nyingi, na kuhusu mimi hakusema kitu. Nilianza kulala vizuri. Kisha asubuhi moja ukaja uvumi mwingine, wa gemu ileile niliyoisubiri tangu chuoni, eti imewekewa tarehe. Mtu ambaye sikuwahi kuongea naye, namba ngeni, akaandika: "Dada wa trekta, hii ni kweli?"

Nilimpigia mchinjaji. Aliapa kwa mamake kwamba hajamwambia mtu yeyote, na nadhani nilimwamini. Lakini kama si yeye, ni nani, sijui mpaka leo. Chai yangu ilipoa mezani. Habari ile nilikuwa nimeshaichunguza kabla ya kuulizwa, kwa hiyo nikaandika neno moja, "Hapana," nikajitoa kwenye grupu.